Mpwa wangu anataka kusoma nyota. Aanzie wapi, na akimaliza atakula nini?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Mikindani, Mtwara. Nina mpwa wangu wa kike, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili. Tangu akiwa darasa la nne akili yake iko juu. Tukitoka kuvua usiku ananiuliza jina la kila nyota. Sasa kasema wazi kwamba anataka kusoma nyota mpaka mwisho. Bibi yake anasema unajimu ni mambo ya waganga, hataki kusikia. Baba yake anataka asome uuguzi. Mimi ndiye mjomba na gharama za shule ziko kwangu. Nina mikorosho kidogo Nanguruwe. Nisaidie: masomo hayo yapo kweli? Asome nini, wapi, miaka mingapi, kwa pesa gani, na akimaliza atakula nini?

JIBU: Kaka, masomo hayo yapo, na mtoto wa Mikindani anaweza kuyafikia. Nianze na lililo la haraka, maana mengine yote yana muda wa kusubiri na hili halina: mpwa wako asiache Fizikia. Asiache Fizikia, na asiiogope Hisabati. Kidato cha pili kikielekea mwisho ataulizwa abaki na masomo gani, na swali hilo huulizwa kijuujuu, kwa karatasi inayozungushwa darasani mchana mmoja. Marafiki zake wanakwenda sanaa, mwalimu wa Fizikia hayupo au yupo mmoja kwa shule nzima, mtoto anajaza, anarudi nyumbani kula. Hakuna anayemwambia kwamba mchana ule ameshafunga milango ya chuo kikuu ambayo hajawahi hata kuiona. Wengi wanaoniuliza swali kama lako huja miaka miwili baadaye, matokeo ya kidato cha nne yakiwa mkononi na Fizikia haimo. Wewe umewahi.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipitia karibu. Nilisoma shule ya kutwa huku kwetu Lindi, na kwa zaidi ya mwaka mzima hatukuwa na mwalimu wa Fizikia. Katika darasa la watu zaidi ya sitini tulibaki saba upande wa sayansi. Tulichokuwa nacho ni daftari moja la kaka wa mwenzetu aliyesoma Ndanda. Jalada limetoka, kurasa za umeme zimelowa maji na wino umesambaa. Tulilinakili kwa zamu, kila mtu siku mbili, usiku kwa taa ya mafuta. Kuna mchoro wa saketi niliounakili vibaya kwenye ukurasa uliolowa, na nikaubeba vibaya hivyohivyo mpaka kidato cha tano, ndipo mwalimu akanisahihisha mbele ya darasa. Sikwambii kwamba ni rahisi. Nakwambia kwamba kosa lile lilisahihishwa kwa dakika tano. Wenzetu walioiacha Fizikia hawakupata tena wa kuwarudishia.

Sasa twende kwa bibi, maana nyumba isiporidhika mtoto hasomi kwa raha. Bibi ana haki ya kuuliza. Neno unajimu kwetu limebeba mambo mawili ndani ya gunia moja. Yuko mnajimu anayekuuliza jina lako na jina la mama yako, akapiga hesabu zake, akakwambia ya kesho. Huyo ndiye bibi anayemwogopa. Anachokitaka mjukuu wake ni falaki, au astronomia kama tunavyoiita vyuoni: kupima nyota iko mbali kiasi gani, ina joto gani, imeundwa na nini, ina umri gani. Elimu hiyo haimwambii mtu ataolewa lini. Mwenye nayo tumwite mwanafalaki, na jina hilo litumike nyumbani kuanzia leo. Mashehe wetu wa pwani wanaijua, kwa kuwa mwandamo wa mwezi, nyakati za sala na upande wa kibla vyote huhesabiwa humo. Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, majina hayo ya sayari yametufikia kwa Kiarabu pamoja na elimu yenyewe.

Halafu mwombe bibi amweleze mjukuu wake habari za Kilimia. Wazee wana msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kile kichane cha nyota hupotea magharibi jioni mwezi wa Mei, kikazuka tena mashariki alfajiri mwezi wa Juni, na waliotunga msemo ule walikuwa wametazama mwaka hadi mwaka, wakakumbuka, wakalinganisha na mashamba yao. Nadhani bibi akishaanza kusimulia mwenyewe, ugomvi utakuwa umekwisha bila mtu kumshinda mwenzake.

Nibaki kwenye Kilimia kidogo, maana kinaonyesha kazi yetu vizuri kuliko maelezo. Kwa macho utahesabu nyota sita au saba, lakini ni mamia, zote zilizaliwa pamoja. Mwanga wake husafiri kama miaka 440 kabla ya kutua kwenye jicho la mpwa wako pale ufukweni. Umri wake ni kama miaka milioni 100 na ushei. Sasa linganisha na Tendaguru, hapo Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria, ikabebwa na wapagazi wa huku kwetu mpaka bandarini Lindi. Mmoja wa wanyama wale amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Waliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Kwa hiyo walipokuwa wakitembea Lindi, juu yao Kilimia kilikuwa bado hakijazaliwa. Kila nikilieleza hili darasani hunyamaza kidogo, na mimi mwenyewe bado hunishtua.

Tumejuaje? Nyota kubwa, zile za rangi ya samawati, huchoma upesi na kufa mapema. Ndogo nyekundu huchoma polepole na kuishi muda mrefu mno. Ni kama koroboi zilizowashwa jioni moja: yenye utambi mnene ndiyo huzimika kwanza. Katika kundi lililozaliwa pamoja, unatazama nyota za ukubwa gani zimeshakwisha na zipi bado zinawaka, na hapo unausoma umri. Kujua nyota inachoma nini ni Fizikia na Kemia. Kuitoa namba ni Hisabati. Na mwanga wenyewe, ukiupitisha kwenye chombo cha kuuchambua, hutoka rangi kama za upinde wa mvua, na katikati ya rangi mna mistari myembamba myeusi. Kila elementi ina mistari yake, kama dole gumba la mtu kwenye karatasi. Heliamu ilionekana kwanza hivyo, kwenye mwanga wa jua, mwaka 1868. Duniani ikaja kupatikana 1895.

Mpwa wako ajue pia, mapema, kwamba mwanafalaki wa leo haketi usiku kucha jicho likiwa kwenye darubini. Darubini kubwa ya mwanga kuliko zote upande wetu wa kusini wa dunia iko Sutherland, Afrika Kusini. Inaitwa SALT, ilizinduliwa 2005, na kioo chake kimeunganishwa kwa vipande 91 vyenye pembe sita. Anayetaka kuitumia huandika ombi: anataka nyota ipi, kwa nini, kwa dakika ngapi. Ombi likipita, wataalamu wa pale ndio wanaoielekeza, na yeye hupokea data kwa intaneti akiwa Cape Town, Nairobi au popote. Kisha miezi inapita mbele ya kompyuta, anaandika programu za kusafisha data, anatafuta alipokosea, anaanza upya. Kama mtoto anapenda nyota tu na hapendi kukaa na tatizo moja mpaka liachie, atateseka. Kama ni yule ambaye swali la Hisabati likimshinda hawezi kulala, huyo yuko mahali pake. Wewe unamfahamu kuliko mimi.

Sasa masomo. Kidato cha tatu na cha nne ashike Fizikia, Kemia, Hisabati, Biolojia na Kiingereza. Kiingereza nakitaja kwa makusudi. Mtihani wa Fizikia umeandikwa kwa Kiingereza, na nimeona watoto wa kusini wenye akili kali wakikosa alama kwa kutoelewa swali, si kwa kutojua jibu. Katika silabasi ya Fizikia tuliyoisoma sisi kulikuwa na mada ya astronomia kidato cha nne, lakini iliwekwa mwishoni, na mwisho wa silabasi ndiko shule nyingi hazifiki. Asisubiri kufundishwa. Atafute kitabu aisome mwenyewe likizo.

Na hapa kuna habari njema kuhusu baba yake. Mpaka kidato cha nne hakuna cha kugombana. Anayekwenda uuguzi anahitaji Biolojia, Kemia, Fizikia. Anayekwenda falaki anahitaji Fizikia, Hisabati, Kemia. Asome yote, afaulu yote. Njia zinaachana kidato cha tano, na kama mjadala utakuwepo, uwepo wakati huo, matokeo yakiwa mezani.

Kidato cha tano ndipo penye mtego wa pili, na umewanasa wengi zaidi ya wa kwanza. Mtoto wa kike akifaulu sayansi, kila mtu anamwona daktari, kwa hiyo anasukumwa PCB: Fizikia, Kemia, Biolojia. Ni tahasusi nzuri kwa tiba. Lakini mwanafunzi wa PCB hasomi Hisabati ya juu. Anasoma ile ndogo, BAM, na BAM haitoshi kwa njia hii. Falaki bila kalkulasi ni sawa na kuvua bila nyavu. Yeye achague PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati ya juu. PGM, yenye Jiografia badala ya Kemia, inafaa pia, na siku hizi ipo ya Fizikia, Hisabati na Kompyuta ambayo kwa kazi yetu ni nzuri sana akibahatika kupangiwa shule yenye walimu na vifaa. Wakati wa kujaza fomu ya machaguo, kaa naye. Anaweza kupangiwa shule ya mkoa wa mbali kabisa. Isiwe sababu ya kumbakiza nyumbani.

Chuo kikuu, msihangaike kutafuta hapa Tanzania shahada ya kwanza iliyoandikwa Astronomia. Mtafute Fizikia. Wanafalaki karibu wote ninaowafahamu wameanza na Fizikia, wachache Hisabati au uhandisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma wanafundisha Fizikia vizuri, miaka mitatu. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa aliyemaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili makuu yanayohusika, jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Hicho ni kiwango cha kuingia tu. Anayetaka ufadhili wa mbele alenge A na B, maana wanaochagua watu wa uzamili hutazama kwanza alama za Hisabati na Fizikia, mwaka kwa mwaka.

Ipo pia shahada ya Sayansi na Ualimu, yenye Fizikia na Hisabati. Watu hunishangaa nikiipendekeza. Ina Fizikia pungufu kidogo, ni kweli, na atakayepitia huko atalazimika kujazia mwenyewe nadharia ya kwanta na hisabati ya mwaka wa tatu. Lakini ana kazi mkononi, na kwa mikoa yetu miwili mwalimu mmoja wa Fizikia anaokoa watoto wengi kama wale wenzangu. Kama nyumbani kuna wasiwasi mkubwa wa ajira, njia hii haimfungii mlango.

Mwaka wa kwanza wa chuo ajifunze kuandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, hata kama haimo kwenye ratiba. Inapatikana bure. Darubini ya anga ya Ulaya iitwayo Gaia imepima nyota karibu bilioni 1.8, na majedwali yake, toleo la 2022, yako wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Zamani mtoto wa Mikindani na mtoto wa Cambridge walitengwa na darubini. Kwa sehemu kubwa ya kazi sasa wanatengwa na kompyuta na bando, na hilo ni pengo dogo zaidi.

Baada ya shahada ya kwanza ndipo anapotoka nje, na mlango wetu wa karibu ni Afrika Kusini. Pale Cape Town upo mpango wa NASSP, ulioanza 2003, ulioundwa hasa kufundisha astrofizikia na sayansi ya anga kwa vijana wa Kiafrika baada ya shahada ya kwanza, na wengi wao husoma kwa ufadhili. Ipo taasisi ya AIMS, yenye vituo Afrika Kusini, Rwanda na kwingineko, inayotoa uzamili wa Hisabati kwa ufadhili kamili. Wanafalaki kadhaa wamepitia humo kujiimarisha. Nyanda kame za Karoo, hukohuko Afrika Kusini, zina darubini ya redio ya MeerKAT, madishi 64 yanayonasa mawimbi ya redio kutoka angani, na yataunganishwa katika darubini kubwa zaidi ya nchi nyingi iitwayo SKA, itakayokuwa na madishi 197. Hapa niseme jambo linaloniuma. SKA ina nchi nane washirika Afrika mbali na Afrika Kusini yenyewe, na Msumbiji imo, Kenya imo, Zambia imo. Sisi hatumo. Kijana wa ng'ambo ya Ruvuma ana mafunzo na ufadhili uliotengwa kwa jina la nchi yake, wa upande huu hana. Kwa hiyo mpwa wako akiomba, asome masharti ya uraia kabla ya kupoteza wiki tatu kuandika barua, na nguvu zake azielekeze kwenye ufadhili ulio wazi kwa Waafrika wote.

Ethiopia nako wana kituo cha Entoto, juu ya Addis Ababa, chenye darubini mbili za mita moja. Ni karibu kuliko watu wanavyofikiri.

Miaka, basi. Kutoka leo: miwili na ushei kumaliza kidato cha nne, miwili ya kidato cha tano na sita, mitatu ya shahada, miwili au mitatu ya uzamili, mitatu au minne ya uzamivu. Ukijumlisha na miezi ya kusubiri matokeo na viza, ni kama miaka 14. Najua inatisha. Lakini si miaka 14 ya wewe kulipa. Profesa Thebe Medupe, mwanafalaki wa Afrika Kusini, alikulia kijijini karibu na Mafikeng, akajiundia darubini yake akiwa na miaka 13, na amefika alipofika kwa kuchukua hatua moja, kisha nyingine, kama wengi wetu.

Kuhusu pesa, uzito wako ni mwanzoni. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali imeondolewa tangu 2022, lakini nauli, godoro, sare, vitabu na michango vipo, na vinakuja vyote kwa mpigo. Angalia kalenda: kidato cha tano huanza Julai, na pesa ya korosho huku kwetu inaanza kuingia baada ya minada ya Oktoba. Julai ni mwezi mkavu mfukoni. Nimeona watoto wakiripoti shuleni wamechelewa mwezi na zaidi kwa sababu hiyo tu, na PCM haimsubiri mtu. Mada ya kwanza ya Hisabati ikikupita, ya pili huielewi. Malipo ya msimu wa mwaka anaofanya mtihani wa kidato cha nne, tenga sehemu mapema, uiweke mahali usipoifikia kirahisi mpaka Julai.

Chuo kikuu kuna mkopo wa Bodi ya Mikopo, na kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa tahasusi za sayansi kuna Samia Scholarship, ambayo ni ufadhili na hairudishwi. Mkopo hurudishwa akishaajiriwa, asilimia 15 ya mshahara. Aujue kabla ya kutia saini. Nyaraka ndizo huwakwamisha watu wetu: jina la cheti cha kuzaliwa na la cheti cha shule yatofautiane herufi moja, au cheti cha kuzaliwa kisiwepo kabisa. Shughulikia hilo mwaka huu. Uzamili na uzamivu, mtu wa sayansi hapaswi kujilipia. Akipata nafasi isiyo na ufadhili, asiende. Asubiri mwaka, aombe tena. Usiuze shamba kwa ajili ya uzamili. Nakuomba sana hilo.

Atakula nini? Nitakujibu bila kupaka sukari. Tanzania haina darubini kubwa ya utafiti, na nafasi za kazi zenye jina la mwanafalaki ni chache hata duniani. Wengi wanaoanza njia hii hawamalizii kwenye nyota. Wanamalizia kwenye kile walichojifunza njiani: kufundisha vyuoni, kuchambua data kwenye mabenki na kampuni za simu, Mamlaka ya Hali ya Hewa, Tume ya Nguvu za Atomiki, picha za satelaiti za kilimo na misitu. Hesabu za mawimbi zinazotumika kusoma mtetemo ndani ya nyota ni ndugu wa zile zinazotumika kutafuta gesi chini ya ardhi, na gesi iko Msimbati na Songosongo, mlangoni kwenu. Mtu mwenye Fizikia, Hisabati na kompyuta halali njaa kirahisi. Anaweza kuchelewa kupata kazi. Wewe na baba yake mjiandae kwa mwaka mmoja au miwili ya namna hiyo bila kumlaumu.

Wakati anasubiri ukubwa, asikae bure. Simu yako ikiwa na programu ya Stellarium, ataona jina la kila nyota anayokuuliza. Upo pia mradi uitwao Galaxy Zoo, ulioanza 2007, ambapo watu wa kawaida huzipanga galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, kwa maumbo. Mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona humo wingu la ajabu ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa amelitambua. Na wewe, ukimchukua ufukweni jioni za Desemba au Januari mwezi haupo, mwonyeshe kusini yale mawingu mawili meupe yasiyosogea na upepo. Mwambie ni galaksi nyingine, na kubwa kati ya hizo mbili iko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, yaani mwanga wake husafiri miaka yote hiyo kabla ya kutufikia. Utakuwa umemfundisha jambo ambalo mtoto wa Ulaya hawezi kuliona kwao.

Ila zoezi ninalomtuma mimi ni la mchana. Mtafute fundi uashi awaazime timazi. Msimamishe fimbo yenye urefu wa mita 1 kamili juu ya ardhi iliyo sawa, wima bila kuinama. Karibu na tarehe 21 Juni, kuanzia saa tano na nusu mpaka saa saba, aweke alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, apime kivuli kifupi kuliko vyote. Atapata kama sentimeta 67, kikielekea kusini. Arudie karibu na 21 Desemba, siku isiyo na mawingu: kama sentimeta 23, na sasa kivuli kitaelekea kaskazini. Agawe kila urefu kwa 100, atafute pembe kwenye jedwali la tanjenti, maana trigonometria anayo kidato hichohicho cha pili. Ajumlishe pembe zote mbili, agawe kwa mbili: atapata mwinamo wa dunia yetu, digrii 23 na nusu kasoro. Atoe ndogo kwenye kubwa, agawe kwa mbili: atapata Mikindani iko digrii ngapi kusini mwa ikweta, 10 na kidogo. Namba mbili za dunia nzima, kutoka uani kwenu.

Ataona pia kwamba kivuli kifupi hakiji saa sita kamili, kinachelewa kama dakika 20. Usimwambie kwa nini. Mwache ahangaike nalo, na asiposhinda mwelekeze kwenye ramani atazame mstari wa digrii 45 mashariki, ambao ndio saa zetu zinaufuata. Halafu tarehe 20 Oktoba, korosho zikiwa zinaokotwa, mkae kwenye fimbo hiyo saa sita na dakika nne hivi. Kivuli kitatoweka. Jua litakuwa utosini kabisa. Lakini mwezi wa Februari, karibu na tarehe 21 au 22, kitatoweka tena, na safari hii itakuwa karibu saa sita na nusu. Kwa nini fimbo ileile, uani palepale, jua lileile, inatofautiana kwa karibu nusu saa? Hilo ndilo swali lake. Vipimo vyote aviandike daftarini pamoja na tarehe na saa, hata vilivyoharibika, na akishapata jibu lake, liwe sahihi au si sahihi, mnitumie nilisome.